Kabla Hujaipandisha Jukwaani Pedali ya Kujipangia Mwenyewe

Kama usiku mzima unapiga kwa sauti mbili za gitaa, moja kavu na moja yenye mwangwi, huna haja ya kusoma makala hii hadi mwisho. Nunua dilei nzuri, yaani pedali ya mwangwi, nunua adapta nzuri zaidi, na chenji itakayobaki inunulie nyuzi. Namwandikia yule ambaye ameshatazama video za ZOIA, pedali (kisanduku cha kukanyaga kinachobadilisha sauti ya gitaa) ambayo sauti zake unazipanga mwenyewe, ameviona vile vitufe vya rangi vikimetameta, na sasa anahesabu pesa.

ZOIA inatengenezwa na Empress Effects, kampuni ya Kanada. Usoni ina vitufe 40, safu tano za vitufe vinane vinane, kioo kidogo, kirungu cha kuzungusha na swichi tatu za mguu. Unachouziwa hasa ni vipande vya kuundia sauti, yaani moduli: kichujio, dilei, kikuza sauti, mawimbi ya kutikisa sauti, na vingine vingi. Unavipanga kwenye vitufe, unashikilia kimoja huku ukibonyeza kingine, tayari vimeungana. Mpangilio mzima huitwa pachi. Pedali inabeba pachi 64, na nyingine unazihifadhi kwenye kadi ya SD.

Ndugu zake wapo. MOD Dwarf, ya MOD Audio ya Berlin, unaichomeka kwenye kompyuta kwa USB, unafungua kivinjari, unavuta picha za pedali na kuziunganisha kwa maus, kisha unaiacha kompyuta nyumbani. HX Stomp ya Line 6 nayo inapangika, ila vipande vyake vimekwisha kupikwa kiwandani: unachagua amplifaya hii, mwangwi ule, basi. ZOIA ndiyo inayokuruhusu kushuka chini kabisa na kuunda dilei ambayo hakuna mtu amewahi kuiuza. Swali ni kama jukwaa lako linaihitaji dilei hiyo.

Mimi napiga gitaa la solo kwenye bendi ya harusi na hoteli Dar es Salaam. Tunapita kote: zilipendwa, zouk, bongo fleva ya mwaka huu, na usiku ukikolea, sebene. Kwenye sebene ndiko pedali ya namna hii inakopimwa, kwa sababu mpiga solo hana mkono wa akiba. Mkono wa kulia haupumziki, wa kushoto uko juu kule kwenye frati za kumi na kitu, na rapa anaita watu wainuke. Chochote kinachotaka kidole kwenye kitufe wakati huo hesabu kwamba hakipo. Umebaki na miguu miwili, mmoja umeusimamia, na swichi tatu.

Uzuri wa ZOIA ni kwamba kazi ya kila swichi unaiamua mwenyewe ndani ya pachi. Kwangu ya kushoto inawasha na kuzima mwangwi, ya kati nagongea tempo, yaani kasi ya wimbo, ili mwangwi uifuate, ya kulia inapandisha sauti ya solo. Sibadilishi pachi katikati ya wimbo. Vifaa vingi vya aina hii hukata mkia wa mwangwi unapohama pachi, au huacha kipande cha ukimya, na ukimya kwenye sebene kila mtu anausikia, hata bibi harusi. Kwa hiyo ninaunda pachi moja nene yenye kila kitu cha shoo, na ukurasa wa kwanza wa vitufe naweka tu yale ninayogusa jukwaani. Rangi za moduli unazichagua wewe. Vya mwangwi vyote naviweka rangi moja, vya sauti rangi nyingine, kwa maana yale maandishi ya kwenye kioo huwezi kuyasoma ukiwa umesimama, achilia mbali kwenye harusi ya bustanini saa kumi jioni jua likikupiga usoni.

Kuhusu tempo nitakaa kidogo, maana wengi huipuuza. Chukua 60,000, gawa kwa idadi ya mapigo kwa dakika, unapata milisekunde za pigo moja. Wimbo wa mapigo 120 unakupa 500. Robo tatu yake ni 375, na huo ndio mwangwi unaojibu katikati ya noti zako na kufanya gitaa moja lisikike kama mawili. Tatizo ni mpiga ngoma. Sebene likifunguka atapanda, hata akiapa kwamba hapandi. Akifika 132, robo tatu sahihi imeshakuwa 341. Ukibaki na 375 yako ya nyumbani, kila jibu linachelewa milisekunde 34, na gitaa la ridhimu linaanza kukutazama. Kwa hiyo pachi isiyo na mahali pa kugonga tempo kwa mguu naiona ni pachi ya chumbani. La sivyo tumia mwangwi mfupi sana, ambao haudai kuelewana na ngoma.

Chumbani kwenyewe kunadanganya. Ukiunda sauti kwa headphone saa sita usiku utaweka rivabu nyingi, ule mvumo kama wa ukumbi mtupu, utaweka besi, utajisikia uko kanisani. Ukumbi wa harusi tayari una rivabu yake, ya vigae na dari la bati, hujaiomba na huwezi kuizima. Ile sauti uliyoipenda itatoka kama ukungu na fundi mitambo atakushusha kwenye mikisa, na atakuwa na haki. Ninapounda, napiga kwa sauti ya bendi, napunguza rivabu mpaka nione nimepunguza mno, halafu naondoa tena kidogo. Mwisho wa mnyororo naweka moduli ya kurekebisha ukubwa wa sauti, ili kuwasha athari moja ya sauti kusinirushe juu ya mwimbaji.

Pachi za wengine zipo bure kwenye tovuti ya PatchStorage, nyingi mno. Nyingi nilizozijaribu zimeundwa na watu wa muziki wa taratibu wa kujifungia: unapiga noti moja, wingu linaelea nusu dakika. Tamu kwelikweli, na hazina kazi kwenye bendi ya dansi. Lakini usizidharau. Fungua moja, fuata nyaya zake moduli kwa moduli, uone aliyeiunda alipitia wapi. Hakuna shule bora ya kifaa hiki. Tazama pia asilimia ya prosesa, kwani rivabu za pande mbili zinakula sana, na pachi iliyojaa hadi ukingoni si ya kuitegemea mbele ya watu.

Kuna wanaoogopa ucheleweshaji wa sauti kwa kuwa kifaa ni cha kidijitali. Sauti hewani inasafiri takribani mita 343 kwa sekunde, yaani kila mita moja ni kama milisekunde tatu. Pedali moja ya kisasa inakuongezea kitu cha kiasi hicho, sawa na kurudi nyuma hatua mbili kutoka kwenye ampu. Pa kuangalia ni ukirundika: gitaa lisilo na waya, pedali, mikisa ya kidijitali, vyote kwenye njia moja.

Kinachonikosesha usingizi ni umeme. Pedali ya kawaida ya kukwaruza sauti inatumia miliampea chache. Za aina hii zinataka mamia. Ukizifunga zote kwenye adapta moja ya mikia mingi, utasikia mlio mwembamba wa mbu ndani ya ampu. Tafuta adapta yenye matundu yaliyotenganishwa, na soma miliampea za kila tundu kabla hujalipa. Halafu fikiria umeme ukiyumba, au jenereta likibadilishwa katikati ya wimbo. Pedali ya analojia inarudi papo hapo taa zikirudi. Hii ni kompyuta, lazima iamke kwanza, na wakati inaamka wewe huna gitaa. Mimi naweka UPS ndogo, betri ya akiba umeme ukikatika, nyuma ya ampu kwa ajili ya pedali tu, na kwenye begi kuna waya mmoja mrefu wa kuchomeka gitaa moja kwa moja kwenye ampu. Ukishanunua pedali ukakosa hela ya UPS, subiri kwanza kuipandisha jukwaani.

Kuna jambo ambalo wakaguzi wa ng'ambo hawaligusi kwa sababu kwao halipo: deiwaka. Siku unaumwa, au umepata shoo inayolipa zaidi, unamtuma mwenzako akushikie nafasi. Anafika, anakuta vitufe 40 vya rangi. Nimebandika utepe mweupe juu ya swichi tatu, nimeandika kwa kalamu nene MWANGWI, TEMPO, SOLO, na deiwaka nimemwambia asiguse kingine chochote. Kwenye bendi ambazo vyombo ni vya mwenye bendi, fikiria pia nani atakibeba kifaa hiki, nani atakilipia kikidondoka. Fundi wa mtaani atakubadilishia tundu la jeki vizuri tu. Ubao wa prosesa wenye vipande vidogo kuliko punje ya mchele, hapo utazungushwa.

Kwa hiyo nani anunue? Anayepiga peke yake hotelini na kujirudia kwa lupa, kifaa kinachorekodi kipande na kukirudia, ndiyo. Mpiga kinanda wa taarab anayetaka kuzikunja sauti za kinanda chake zisifanane na za kila kinanda mjini, ndiyo, na huyo nadhani ataifaidi kuliko sisi wa gitaa, kwa kuwa mkono mmoja huwa unapata nafasi. Bendi inayopiga na laptopu inaweza kuifungamanisha kwa MIDI, lugha ambayo vyombo vya kidijitali huelewana, tempo ikatoka sehemu moja, ule ugomvi na mpiga ngoma ukaisha. Mpiga solo wa dansi asiyependa kukaa na menyu, hapana. Atumie HX Stomp, au pedali tatu za kawaida kwenye ubao.

Bei ni mamia ya dola, na juu yake kuna usafiri na ushuru. Kabla ya kufika huko, chukua karatasi, andika orodha ya nyimbo zenu zote, na mbele ya kila wimbo sauti ya gitaa unayoihitaji. Usiandike unayoitamani. Zikitoka sauti nne, jibu umepata. Zikianza kujaa sauti ambazo huwezi hata kuzipa jina, azima ZOIA ya mtu, unda pachi wiki nzima, kisha ipeleke mazoezini na umwombe mwenzako achomoe umeme katikati ya sebene bila kukuambia.