Usifute folda ya Fonts mkuu, toa nakala kwanza! Mimi yalinikuta

Mkuu, usifute. Kama unasoma hapa na laptop iko wazi mbele yako, achia mausi kwanza.

Umesema ulipewa flashi yenye fonti 2,500, yaani mitindo ya herufi, ukaziingiza zote, kisha ukaanza kufuta usizozijua ili mashine iwe nyepesi. Tangu jana maandishi ya Windows yamelala upande, kurasa za Chrome zina mwandiko wa ajabu, na herufi zina ukungu. Ukauliza kama kioo ndicho kimechoka ununue kingine. Mdau mmoja hapo juu akakujibu kwa mstari mmoja: "Futa zote kwenye folda ya Fonts, Windows itajirudishia yenyewe." Na wewe ukaitikia kwamba usiku wa leo unafanya hivyo. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi Machi 2022, na hadi leo nikiyasikia roho inaniuma.

Mimi nachapa nyumbani, Morogoro. Kadi za harusi, ratiba za maziko, mitihani ya shule mbili za msingi za hapa jirani. Kwa kazi hii fonti ni kama vitambaa kwa fundi cherehani, mteja anataka aone nyingi achague. Nikaletewa flashi yenye fonti zaidi ya 4,000. Nikachagua zote, nikabofya Install, nikaenda kuswali magharibi. Imefika isha bado zinaingia. Kesho yake Word inafunguka kwa kusuasua, na tovuti nyingi zinatoka na herufi nyembamba zilizobanana, nyingine zimepanda juu ya wenzake.

Hilo la tovuti nimekuja kulielewa baadaye sana, na naona ndilo lililokupata wewe kwenye Chrome. Tovuti nyingi zimeandikwa ziombe fonti iitwayo Helvetica kwanza. Windows haiji na Helvetica, kwa hiyo huwa inatoa Arial badala yake, na wewe hujui kama kuna kilichobadilishwa. Sasa ukiingiza furushi la bure ambalo ndani yake mna faili bovu lililopewa jina la Helvetica, kivinjari kinalikuta na kulitumia. Dawa yake ni kuondoa hiyo moja tu. Moja! Nami ningeijua siku ile, ningeimaliza kazi kwa dakika mbili na kuendelea na kadi zangu.

Badala yake nikampigia fundi. Nilimwamini kwa sababu alijibu bila kusita, na huyo ndiye mtu wa hatari kuliko wote kwenye kompyuta, anayejibu haraka jambo ambalo hajawahi kulifanya yeye mwenyewe. Akaniambia futa zote, Windows ina za akiba. Nikajaribu, Windows ikakataa, ikaniambia hii ni fonti ya mfumo na inalindwa. Mkuu, pale kompyuta yenyewe ilinishika mkono. Fundi akanitumia amri za kuandika kwenye lile dirisha jeusi la Command Prompt ili nijipe umiliki wa mafaili. Nikaziandika kama alivyozituma. Nikafuta.

Na kitu kingine ambacho sikuambiwa: ile folda ya C:\Windows\Fonts haionyeshi mafaili kama folda nyingine, inaonyesha familia. Ukiona kijipicha kimoja kimeandikwa Arial, ndani yake kuna ya kawaida, nzito, ya mlazo, nzito ya mlazo na nyinginezo. Unafuta kijipicha kimoja unadhani umeondoa faili moja, kumbe umeondoa ukoo mzima.

Nikawasha upya. Ilipowaka, alama ya betri, ya Wi-Fi na ya sauti pale chini zilikuwa vimraba vitupu. Zile alama kwenye Windows 10 ni herufi, zinatoka kwenye fonti iitwayo Segoe MDL2 Assets, na mimi nilikuwa nimeifuta. Maandishi yaliyobaki yote yalikuwa yamelala upande. Mwanangu wa darasa la pili akainamisha kichwa begani ili asome, akasema, "Baba, kompyuta imelala ubavu." Tulicheka siku ile. Kisha kikafunguka kidirisha cha kuuliza jambo, chenye vitufe viwili, na juu ya vitufe hakuna neno hata moja. Vyeupe. Nikakaa nikiviangalia, sijui kipi ni ndiyo, kipi ni hapana.

Kuhusu huo mlazo, ambao ndio ugonjwa wako wewe: maandishi ya Windows yanatumia fonti iitwayo Segoe UI, tangu enzi za Vista. Ina mafaili kadhaa. Ya kawaida ni segoeui.ttf, nzito ni segoeuib.ttf, ya mlazo ni segoeuii.ttf. Ile ya kawaida ikipotea, au jina lake likifutika kwenye rejista, lile daftari la mipangilio ya Windows, basi Windows inashika ndugu aliyebaki, na akiwa ni yule wa mlazo basi kila kitu kinalala. Kwa hiyo kioo chako ni kizima. Umepoteza faili moja, au mstari mmoja wa rejista. Basi. Na wewe unataka kufuta mamia mengine juu yake!

Nimalizie yangu, maana hasara yenyewe sijaifikia. Fundi alipoona mambo yameharibika akasema hapa ni kupiga Windows upya tu, niletee. Nikampelekea. Nikamwambia kazi zangu na picha ziko diski D, asiiguse. Akasema ondoa shaka. Jioni nimeenda kuichukua, nimelipa 35,000, nimefika nyumbani nikafungua, naona diski C peke yake. D haipo. Alipofika kwenye ile orodha ya migawanyo ya diski alifuta yote, akatengeneza mmoja. Nilipompigia akaniambia, "Si ulitaka iwe safi?"

Zilikuwemo kazi za miaka 6. Kulikuwa na kadi za harusi ambazo nusu ya malipo nilishaipokea, nikarudisha 120,000 ya watu kwa sababu siku zilikuwa zimebaki 4 na mwenye harusi hakuwa na moyo wa kusubiri nianze upya. Hizo ni pesa, nilizitafuta zikarudi. Lakini kulikuwa na folda ya picha za marehemu mama, Idi yake ya mwisho, amekaa barazani na wajukuu. Sikuwa nazo popote pengine, simu niliyopigia ilishakufa. Nilihangaika na programu za kurejesha mafaili wiki nzima. Zilirudi picha nyingi hazina majina, namba tu, na nyingi hazikufunguka. Ya mama ilirudi moja. Inaonekana paji la uso, ushungi na macho, kuanzia puani kwenda chini ni rangi ya kijivu. Ninayo hadi leo kwenye flashi tatu.

Na linalonichoma kuliko yote ni kwamba akiba ilikuwepo kweli. Windows inatunza nakala za mafaili yake ya mfumo, fonti zikiwemo, kwenye folda iitwayo WinSxS. Ila hairudishi yenyewe kwa kuwasha upya kama mdau wako anavyodai. Lazima uiamuru. Unafungua lile dirisha jeusi kwa haki za msimamizi, unaandika sfc /scannow, unasubiri ifike asilimia 100, unawasha upya. Mara nyingi mafaili ya fonti yaliyopotea yanarudi hapo hapo. Ikisema imeshindwa kurekebisha baadhi, unaandika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ukiwa na intaneti, kisha unarudia ile ya kwanza. Hii haifuti kazi zako. Fundi wangu hakuijaribu. Amechukua 35,000 yangu bila kuandika hata neno moja kwenye dirisha lile, akaenda moja kwa moja kwenye kufuta. Mafundi wa namna hii, na wale wa kwenye video za dakika tatu wanaosema "futa hii, futa na hii" bila kusema ukikosea unarudije, wanatuumiza sana sisi wa nyumbani. Mtu anakuonyesha mlango wa kuingilia tu, wa kutokea hana habari nao.

Basi sheria yangu ni moja, na wanangu wote nimewafundisha: kabla hujagusa fonti wala rejista, toa nakala, na nakala hiyo ikae nje ya mashine. Kwa hali yako fanya hivi, leo, kabla ya jambo lingine lolote.

Chomeka flashi au diski ya nje. Nakili kwanza kazi zako na picha zako. Najua hazihusiani na fonti, nakili tu, mimi nilidhani hivyo hivyo. Kisha nenda C:\Windows, ibofye folda ya Fonts mara moja bila kuifungua, nakili yote uipeleke kwenye flashi. Zile ulizoingiza kwa akaunti yako peke yako, Windows za miaka ya karibuni zinaziweka pengine, ndani ya AppData\Local\Microsoft\Windows\Fonts kwenye folda ya jina lako, nayo uinakili.

Halafu rejista. Andika regedit kwenye kutafuta, ifungue, shuka HKEY_LOCAL_MACHINE, SOFTWARE, Microsoft, Windows NT, CurrentVersion, mpaka Fonts. Bofya kulia juu ya Fonts, chagua Export, ihifadhi kwenye flashi hiyo hiyo. Fanya vivyo kwa FontSubstitutes iliyo chini yake. Ukiharibu chochote baadaye, unabofya hilo faili mara mbili na mistari uliyoifuta au kuibadilisha inarudi ilivyokuwa.

Ukishafika hapo ndipo nakuruhusu uguse. Ukiwa bado kwenye rejista, tazama mstari ulioandikwa Segoe UI (TrueType). Upande wa kulia panatakiwa pasomeke segoeui.ttf. Pakiwa patupu, paandike. Mstari ukiwa haupo kabisa, utengeneze kwa New, String Value. Mstari ukiwa mzima, basi faili lenyewe ndilo limepotea. Piga ile sfc. Ikishindikana, tafuta jirani mwenye Windows ya toleo kama lako, nakili kwake segoeui.ttf, na kwako ibofye kulia uchague Install. Usiichukue mtandaoni kwenye tovuti za fonti za bure, ndiko tulikotoka.

Windows ikiwa na nukta ya kurejesha, yaani hali yake ya zamani iliyohifadhiwa, ya kabla ya juzi, andika rstrui uone. Mimi yangu ilikuwa imezimwa bila mimi kujua, wewe iwashe hata kama leo haikusaidii.

Zile 2,500 zisikutie hofu, zinaondoka taratibu. Kwenye dirisha jeusi andika dir C:\Windows\Fonts /tc /o-d na zitajipanga, zilizoingia mwisho zikiwa juu. Utaziona zimerundikana tarehe moja, ile uliyochomeka flashi. Zikikosekana hapo, zitafute kwenye ile folda ya AppData. Anza na yoyote yenye jina la Helvetica, iondoe, funga Chrome na uifungue, tazama. Halafu ondoa nyingine kumi kumi za tarehe hiyo, ukiwasha upya kila mara. Ambayo tarehe yake si hiyo, usiiguse hata kama jina lake limekaa kigeni. Kuna za Kihindi, Kijapani na Kithai humo, hazikudai kitu, waache wakae. Na Windows ikikwambia hii inalindwa, iamini.

Ule ukungu wa herufi andika cttune, weka alama kwenye ClearType, njia ya Windows ya kulainisha herufi, fuata hatua zake uchague maandishi yanayosomeka vizuri kwako. Hakikisha pia kipimo cha skrini kiko pale palipoandikwa Recommended.

Sasa hivi naandaa ratiba ya maziko ya watu, lakini nitakuwa napita hapa hadi saa 5 usiku. Ukimaliza kunakili weka picha ya ule mstari wa Segoe UI kama unavyoonekana kwenye regedit, kabla hujabadilisha herufi hata moja. Na kama ulishaanza kufuta kabla ya kusoma hapa, usizime mashine wala usiwashe upya. Nakili kazi zako kwanza wakati bado unaona vitufe vimeandikwa nini, halafu niambie.