Kausha kabla ukungu haujafika

Swali lenu la wiki linasema: "Ncha za mkate zinazobaki nyumbani kwako unazifanyia nini?" Nimelisoma nikiwa jikoni kwangu hapa Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo. Mkebe wangu wa ncha, ule uliokuwa wa maziwa ya unga, uko juu ya kabati mbele yangu, basi najibu huku nikiutazama.

Kwetu ncha haitupwi. Milima yetu inatupa mihogo, maharagwe, ndizi na mahindi, lakini sehemu kubwa ya unga wa ngano inatoka nje ya nchi. Barabara ikiharibika au ikifungwa, mkate ndio wa kwanza kutuambia: bei inapanda, au bei inabaki ileile na mkate unapungua mkononi. Tangu benki zilipofunga milango mwanzoni mwa 2025, wengi wetu tunahesabu faranga moja moja. Mtoto akiacha ncha mezani, mimi naona pesa imelala pale.

Na wataiacha tu. Nimelea watoto wanne na sasa nalea wajukuu, sijapata hata mmoja anayeanza mkate kwa ncha. Siwagombezi. Ncha ndiyo iliyopigwa na moto pande nyingi kuliko sehemu nyingine, ndiyo yenye harufu, na ndiyo inayokauka upesi. Kwa kuweka akiba hakuna kipande kinachoishinda.

Nilifundisha kemia sekondari kwa miaka 22, mnivumilie kidogo hapa, kwa sababu ndipo wamama wengi wanapopotezea mkate wao. Tunachanganya mambo mawili: mkate kuwa mgumu na mkate kuharibika. Ugumu unatoka kwenye wanga. Mkate ukiokwa, wanga unakunywa maji na kulainika. Ukishapoa, unaanza kujipanga upya na kukaza. Mwaka 1852 mkemia Mfaransa Boussingault alionyesha kwamba mkate unakuwa mgumu hata ukizuiwa usipoteze maji yake. Kwa hiyo mkate mgumu si lazima uwe mkavu, wala haujaharibika. Friji nayo inaongeza tatizo, maana baridi yake inauharakisha ule ukazaji. Mkate uliolala kwenye friji unakuwa mgumu mapema kuliko uliolala mezani. Lakini ukiupasha hadi ukapita nyuzi 60 hivi, wanga unalegea tena. Ncha ya jana inyunyizie maji kwa vidole, iweke kwenye sufuria yenye mfuniko juu ya mbabula, jiko letu la makaa, kwa dakika chache, itarudi laini. Uile papo hapo tu, maana ikipoa inakaza tena.

Ukungu ni habari nyingine. Ukungu unataka unyevu, na Bukavu unyevu tunao wa kutosha: tuko kando ya ziwa, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Septemba mpaka Mei mvua haituachi. Nguo zenyewe zinashinda kwenye kamba siku mbili. Sasa mtu anachukua ncha, anaifunga vizuri kwenye mfuko wa plastiki, anaamini ameihifadhi. Keshokutwa anakuta madoa ya kijani. Ule mfuko ndio umeuponza mkate wake.

Mimi nakausha. Jioni, bugali ukishatoka motoni na makaa yamefunikwa na majivu, nageuza mfuniko mpana wa sufuria juu ya mbabula na kupanga ncha nilizokata unene wa kidole. Naziacha zilale hapo mpaka asubuhi. Kabla ya kuzitia mkebeni nachukua moja na kuivunja. Ikikatika kwa sauti, imekauka. Ikijikunja kabla ya kukatika, bado ina maji ndani, na inarudi kwenye joto jioni inayofuata. Usione uvivu kuijaribu hiyo moja, kwa sababu kipande kimoja chenye unyevu kitaharibu mkebe mzima. Zikikauka hivyo na mkebe ukifungwa, kwangu zinakaa hata mwezi.

Kazi yao kubwa ni bulete, vile vidonge vya nyama ya kusaga vya kukaanga. Nusu kilo ya nyama ya kusaga kwa watu wanane haifiki popote. Naloweka ncha nne kwenye maji, au maziwa kama yapo, kwa dakika kumi, kisha nazikamua kwa mkono, si kwa nguvu zote. Ziwe kama uji mzito unaoshikika. Nachanganya na nyama, yai moja, kitunguu kilichokatwa kidogokidogo sana, kitunguu saumu, majani ya seleri, chumvi na pilipili kidogo. Bila mkate nyama hiyo inanipa bulete 14. Na mkate natoa 22, na ninawaambia kwa dhati kwamba zile 22 ni tamu zaidi. Nyama tupu ikikaangwa inajibana na kutoa maji yake yote kwenye mafuta. Mkate unayakamata yale maji yabaki ndani. Mgeni akila kwangu ananiuliza nyama nimeinunua wapi.

Fanyeni hivyo hivyo na sambaza wabichi. Samaki hawa wadogo tunaojivunia nao walikuja kwetu kutoka Ziwa Tanganyika, waliletwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo huwezi kuifikiria Bukavu bila wao. Natoa vichwa na matumbo, nawatwanga taratibu kwenye kinu pamoja na ncha zilizolowekwa na kukamuliwa, natia ndimu na kitunguu, kisha nafinyanga vidonge vya kubonyeza bapa. Kwa nyama mkate unaongeza; kwa sambaza mkate ni wa lazima, maana bila kitu cha kuwashika watatawanyika kwenye mafuta.

Zilizovunjikavunjika nazitwanga ziwe unga na kuzipaka samaki kabla ya kukaanga, au natia vijiko viwili kwenye mchuzi ulio mwepesi.

Jumapili tunakula ule ambao Wafaransa wanauita "mkate uliopotea". Mayai mawili, kikombe cha maziwa, sukari, mdalasini ukiwepo, na vipande sita. Hapa mkate mkavu unaushinda ule wa leo, kwa sababu wa leo ukiuchovya unakatika mkononi, na huu unakunywa maziwa mpaka katikati bado umesimama. Moto uwe mdogo, ndani paive kabla ya nje kuungua. Mama mkwe wangu hakulipenda kamwe jina hilo. Alikuwa akisema umepotea vipi, na sisi tunaula?

Kuna matumizi mengine ambayo vijana hawayajui. Mjukuu wangu alikuwa akichora ramani ya mkoa kwa kalamu ya risasi, na gomu yake ilikuwa imepotea shuleni. Nikachukua ncha iliyokuwa bado laini, nikatoa nyama yake ya ndani, nikaifinyanga kwa vidole mpaka ikawa kidonge, nikamwambia asugue polepole. Mstari ukafutika na karatasi haikuchanika. Ndivyo watu walivyofuta penseli zamani, mpaka mwaka 1770 hivi Mwingereza Edward Nairne alipoanza kuuza vipande vya mpira kwa kazi hiyo. Mtoto aliniangalia kama niliyemfanyia mazingaombwe.

Mwisho kuku, na hapa nawaomba msikilize. Kuku wanaupenda mkate, lakini unawashibisha bila kuwajenga. Wakijaa mkate hawatafuti wadudu wala majani, na mayai yanapungua. Kwa kuku wangu sita natoa kiganja kimoja cha ncha zilizolowekwa, mara mbili kwa wiki, na zikibaki naziondoa kabla ya usiku. Mwaka 2019 niliwatupia mkate uliokuwa na ukungu, nikijiambia kwamba tumbo la kuku halichagui. Wakaanza kusinzia mchana, mabawa yameanguka, na siku ya tatu nikawapoteza wawili, mmoja akiwa ameanza kuatamia. Wala msikwangue doa la kijani na kula kilichobaki, kwa sababu nyuzi za ukungu zinaingia ndani ya mkate mahali ambapo jicho halioni. Ncha ya namna hiyo mimi nachimba shimo chini ya mgomba, naifukia.