Ukimpiga picha gorila, acha weusi ubaki weusi

Wanaoniomba ushauri kuhusu picha za sanaa za gorila na sokwe huanza karibu wote na lenzi. Lenzi itafuata. Cha kwanza ni rangi ya mnyama mwenyewe. Gorila wa milimani ni mweusi, anakaa kivulini, na majani yanayomzunguka yanang'aa kwa unyevu. Kamera ikiona weusi wote huo inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, na unaondoka na gorila wa kijivu aliyezungukwa na majani yaliyoungua kwa mwanga, yaani meupe tupu. Punguza mwanga kwa makusudi. Mimi huanza stopu moja, yaani nusu ya mwanga, chini ya kile kamera inachotaka, na jani linalometa likiingia kwenye fremu nashuka zaidi. Ukipiga faili ghafi (RAW), manyoya yaliyozama gizani utayafufua baadaye. Jani lililoungua halirudi.

Halafu kuna macho. Yamejificha chini ya paji lililochomoza kama kibaraza, kwa hiyo jua la utosini huyaacha kuwa mashimo mawili. Ndiyo maana naombea mawingu. Hata hivyo, subiri ainue kichwa kuangalia uwazi kati ya matawi, kwa sababu hapo ndipo nukta ya mwanga huingia kwenye jicho, na haikai. Flashi hairuhusiwi, na hata ingeruhusiwa ingeharibu kila kitu. Asipoinua kichwa, achana na uso, fuata mikono. Gorila anapomenya bua hulishika kwa vidole vinene vyenye kucha kama zetu, anavua ganda kwa meno, analitupa, kisha anatafuna kile laini cha ndani bila haraka yoyote. Picha za mikono hiyo ndizo ambazo watu husimama mbele yake kwa muda mrefu ukutani. Za dume akijipiga kifua wameshaziona mno.

Muda ni saa moja tu ukishawafikia, na kundi la wageni halizidi wanane. Rwanda kibali cha kuwaona gorila ni dola 1,500 tangu 2017, na fedha hizo humtia mtu kishawishi cha kumbembeleza askari wa hifadhi amsogeze karibu. Usifanye hivyo. Umbali ni mita 10 (zamani zilikuwa 7), na barakoa huvaliwa kwa sababu mafua yetu huua. Mwaka 2006 ugonjwa wa njia ya hewa uliwaangamiza sokwe kadhaa wa hifadhi ya Mahale, Tanzania, na virusi vilivyokutwa ni vya aina inayowasumbua wanadamu. Kwa mita 10, lenzi ya milimita 70 hadi 200 yenye tundu kubwa la kuingiza mwanga inatosha kabisa. Ile ndefu kama bomba utaibeba bure na itanasa kwenye vichaka. Barakoa ibane vizuri puani, la sivyo pumzi itatia ukungu kwenye kitafutio, kile kidirisha unachochungulia, wakati ule ule dume anapogeuka.

Sokwe wa Gombe na Mahale ni habari nyingine: hawatulii. Wakiwa juu ya mti, mbingu nyeupe nyuma yao huwageuza kuwa vivuli, kwa hiyo ngoja washuke. Mwishoni mwa kiangazi huwa rahisi zaidi kuwapata chini.

Je, rangi au nyeusi na nyeupe? Kwa gorila naondoa rangi mara nyingi, maana kijani cha msituni hupiga kelele na kumfunika mnyama. Rangi ya orangutani usiiguse. Wekundu wa manyoya yake ndio picha yenyewe. Wale wa Tapanuli, huko Sumatra, walitambuliwa kuwa spishi ya peke yao mwaka 2017, na hawafiki 800.

Kwenye uchapaji usiamini skrini. Karatasi isiyong'aa humeza weusi, na mgongo uliokuwa na nywele moja moja hugeuka doa. Kabla ya kulipia chapa kubwa, chapisha kipande kidogo cha sehemu iliyo nyeusi kuliko zote, ukitazame dirishani. Manyoya yakipotea, ng'arisha sehemu za giza kidogo tu, urudie. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, na sijaona programu inayokuokoa.

Chini ya picha andika ukweli: wa porini au wa kituo cha hifadhi kama Ngamba, kisiwa cha Uganda wanakotunzwa sokwe waliookolewa. Picha ya mtu aliyempakata mtoto wa sokwe mimi siipigi wala siiuzi, hata kama mpakataji ni mhudumu wake halali, kwa sababu anayeiona mtandaoni hataona uhalali huo. Ataona mnyama wa kufugwa. Mwongozo wa IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, wa mwaka 2021 kuhusu picha za nyani na jamaa zao unasisitiza hilo hilo. Na faili kabla ya kupandishwa intaneti lifutwe taarifa za mahali lilipopigwa, hasa kama ni kundi ambalo halijazoeshwa watu.