Usizime VPID Ukadhani Umemaliza Kazi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mbarara aliniandikia kwamba mashine pepe (kompyuta zinazoigizwa na programu) anazoziendesha ndani ya mashine pepe nyingine zilikuwa zikianguka ovyo, kwamba amezima VPID, nambari ambayo prosesa hutumia kutofautisha anwani za mashine pepe, na tatizo limetoweka, na akaniuliza kama kuna haja ya kuendelea kuchimba. Ndugu yangu, haja ipo. Swali hilohilo niliwahi kutupiwa hapa Kampala na mkuu wangu wa kazi, tena si kwa nia ya kusikia jibu, na mpaka leo linaniuma.

Tulikuwa tukitunza haipavaiza yetu wenyewe, yaani programu inayoendesha mashine pepe; safu hiyo ya chini kabisa tuiite L0, iliyotumia prosesa za Intel. Mteja aliendesha KVM, haipavaiza ya Linux, juu yake, yaani L1, na ndani ya KVM akaweka mashine zake, L2. Hifadhidata iliyokuwa humo ndani kabisa ikaanza kusoma kurasa za kumbukumbu zisizo zake. Nilipoyafuata majedwali ya kurasa ya L2, yanayoonyesha kila anwani iko wapi katika kumbukumbu, ngazi kwa ngazi, niliyakuta sahihi: anwani ilielekea kwenye ukurasa uliotakiwa, lakini prosesa ilileta yaliyomo katika ukurasa mwingine. Jedwali likisema hivi na prosesa ikasoma vile, wa kushukiwa kwanza ni TLB, kashe inayotunza tafsiri za anwani. Ndani ya mashine pepe, kutafsiri anwani moja bila kashe hiyo kunaweza kuhitaji kusoma kumbukumbu mara 24, iwapo mgeni (mashine pepe) na EPT (majedwali ya haipavaiza yanayogeuza anwani za mgeni kuwa anwani halisi) wote wana majedwali ya ngazi 4.

Nilizima VPID, na hitilafu ikatoweka. VPID ni nambari inayobandikwa kwenye tafsiri ili za mwenyeji, yaani haipavaiza, na za wageni zisichanganyike. Isipotumika, prosesa hulazimika kuzifuta kila inapoingia katika mashine pepe na kila inapotoka. Mkuu wangu akatangaza kwamba kazi imekwisha. Nilikataa, nikaitwa mkaidi mbele ya wenzangu, kwa sababu nilijua tumepata ushahidi tu, na mteja angelipia ushahidi huo kwa mashine nzito kila siku.

Ukweli ulijitokeza nilipoandika kumbukumbu ya kila nambari ya VPID ambayo L1 iliikabidhi ilipokuwa ikiingiza L2. KVM huipa kila prosesa pepe nambari yake. Haipavaiza yetu, kwa kila prosesa ya L1, ilitumia nambari moja halisi kwa wageni wote wa L2. Hilo linaruhusiwa, mradi L0 ifute tafsiri za zamani kila L1 inapobadilisha nambari, na yetu haikufuta. Prosesa pepe mbili za mashine moja ya L2 zilipopokezana prosesa moja ya L1, EPT ilikuwa ileile na nambari ileile, basi ya pili ikarithi tafsiri za ya kwanza. Rekebisho lilikuwa mistari michache: kumbuka nambari ya mwisho, linganisha, futa ikiwa imebadilika. Katika kazi zangu zote, hakuna ninayojivunia kuliko hiyo.

Kwa hiyo, kijana, VPID ikizimwa na hitilafu ikapotea, anza hapo. Ndani ya L1, tumia taskset, amri ya Linux ya kuchagua prosesa, kuzifunga prosesa pepe mbili za L2 kwenye prosesa moja, kisha endesha programu mbili ndani ya L2, kila moja kwenye prosesa yake pepe, zikiandika alama tofauti katika anwani ileile na kuzisoma tena bila kupumzika. Hitilafu iliyokuwa ikijificha itakuja mbio. Usikubali kuharakishwa na mtu asiyetaka kujua safu ipi ilipaswa kufuta na haikufuta; vijana wa Uganda wanaotaka kuheshimiwa katika kazi hii wajibu swali hilo kwanza, ndipo waguse msimbo. Na kama L1 yako haitumii VPID kabisa, kagua upande wa pili: hapo L1 inatarajia ufutaji kila L2 inapoingia na kutoka, nayo L0 yako inayotumia VPID kwa siri inadaiwa ufutaji huo wote.