Jibu: Babu yangu alibatizwa Tosamaganga 1931, mbona wazee wanasema alizaliwa zamani?

Pole kwa kuchanganyikiwa, dada. Huo 1931 ulioandikwa kwenye kitabu cha ubatizo cha misheni ya Tosamaganga, karibu na Iringa, ni mwaka wa maji ya ubatizo tu. Watu wazima walikaa ukatekumeni (mafundisho ya dini) muda mrefu kabla ya kubatizwa, kwa hiyo wazee wako wanaweza kuwa sahihi kabisa. Kwenye kitabu hicho tafuta neno la Kilatini "natus" (amezaliwa). Likifuatwa na "circa" (yapata), padre alikadiria umri.

Jina la baba yake likiandikwa tofauti, lisikutishe. Wamisionari wa Konsolata waliokuwa Tosamaganga walikuwa Waitalia, waliandika majina ya Kihehe kama masikio yao yalivyosikia. Lisome kwa sauti mbele ya shangazi zako. Pia uliza kama aliyeandikwa ni baba mzazi au baba mkubwa aliyemlea. Kwetu wote ni baba. "Patrinus" ni msimamizi wa ubatizo, usimwingize kwenye ukoo.

Usiiache pambizo ya kitabu! Humo huandikwa ndoa na parokia ilikofungwa, na kitabu cha ndoa cha huko kinaweza kukupa kijiji na jina la bibi. Omba ruhusa ya paroko kabla ya kupiga picha.

Kama unataka maandishi haya kwa kesi ya mirathi au shamba, omba cheti cha ubatizo chenye muhuri wa parokia na umwone wakili kwanza.