Maswali yenu: Mwandishi ana rafu nzima, wewe unamjua kwa kitabu kimoja

Mmeandika sana tangu niseme hapa kwamba mwandishi uliyempenda ukiwa mtoto unafaa kumsoma wote, si kile kitabu kimoja ulipewa shuleni. Wengine mmeuliza vizuri, wengine mmeuliza tu kwa sababu simu iko mkononi. Twende.

Mwalimu naomba PDF ya Kidagaa Kimemwozea. (Mwanafunzi, Kayole)

Hapana. Na nyinyi wengine mnaouliza hivi kila wiki, jibu ni hilo hilo.

Nilisoma Siku Njema nikiwa mdogo, mpaka leo naikumbuka. Kwani Ken Walibora aliandika kitu kingine? (Msomaji, Umoja)

Ndugu yangu, hili swali huniuma, na huja kila mara. Siku Njema ilitoka 1996 na ni tamu kweli, ile safari ya Kongowea Mswahili kutoka Tanga mpaka huku Kenya akimtafuta babake, watu wa rika langu tuliisoma usiku taa ikiwa imezimwa tayari. Lakini hapo mwenyewe ndio alikuwa anaanza! Kukaja Ndoto ya Amerika 2001, Kufa Kuzikana 2003, Kidagaa Kimemwozea 2012, halafu Nasikia Sauti ya Mama ambayo ni maisha yake mwenyewe, na katikati hapo hadithi fupi na vitabu vya watoto chungu nzima. Leo ningekupa Kufa Kuzikana. Ni vijana wawili wa makabila tofauti, marafiki wa kufa na kupona, na nchi yao inaungua kwa ukabila, na kumbuka hicho kitabu kilitoka miaka minne kabla ya ghasia za uchaguzi tulizoziona mwisho wa 2007. Tulikuwa tumeshaambiwa, tena kwa Kiswahili safi.

Walibora alifariki Aprili 2020, aligongwa na gari Landhies Road hapa hapa Nairobi, na ile wiki karibu kila mtu niliyemsikia akimlilia alikuwa anataja Siku Njema peke yake. Mtu ameandika zaidi ya miaka ishirini na sisi tunamzika na kitabu chake cha kwanza. Tafadhali, wale ambao bado wako hai tusiwafanyie hivyo.

Binti yangu wa Gredi ya 5 anasoma vitabu vya watoto vya Geronimo Stilton tu, kimoja baada ya kingine, hataki kingine chochote. Nimkataze? (Mama, Embakasi)

Mama, usithubutu. Hapo ndipo msomaji huzaliwa. Mtoto akishika mwandishi mmoja na kumfuata kitabu kwa kitabu anazoea mwendo wake, anajua sasa kuna kitu kitatokea, anasoma haraka bila kujilazimisha, na siku moja anavimaliza au anavichoka mwenyewe na anatafuta kingine. Wengi wetu tulipitia hapo na Enid Blyton. Yule mama aliandika mamia ya vitabu, Famous Five peke yake ni 21, kuanzia 1942 mpaka 1963, na sisi watoto wa Eastlands tulikuwa tunajua visiwa na mashamba ya Uingereza kuliko tunavyojua Machakos. Hilo la mwisho si sifa. Ndiyo maana Barbara Kimenye alikuwa dawa: 1968 akatoa Moses, halafu Moses mwingine, na mwingine, vijana watundu wa shule ya bweni ya Mukibi's, na kwa mara ya kwanza mtoto wa hapa akasoma kuhusu shule inayonuka maharagwe kama yake.

Kwa Kiswahili mpe Hekaya za Abunuwasi. Halafu wikendi moja kaa naye umsomee Adili na Nduguze ya Shaaban Robert kwa sauti, ile sehemu Adili ana manyani wawili ndani ya nyumba na kila usiku lazima awapige viboko huku akilia, na mfalme anataka kujua kwa nini. Mtoto yeyote atakwambia usiache hapo.

Ila nikuonye na hili hukuuliza. Akimaliza kitabu usimuulize "umejifunza nini". Muulize nani alimchekesha. Kuna wazazi wameua wasomaji kwa hilo swali moja, na kuna wengine kila wakiingia dukani wananunua vitabu vya marudio tu, hesabu na marudio, hesabu na marudio, halafu mtoto akifika sekondari wanashangaa hapendi kusoma.

Nimesoma vitabu vya James Hadley Chase zaidi ya thelathini, mke wangu anasema ni takataka. (Msomaji, Donholm)

Mwambie shemeji sikubaliani naye, lakini nawe kaa chini tuongee. Chase alikuwa Mwingereza, jina lake René Raymond, akaanza 1939 na akaandika karibu vitabu 90, vingi vyao vya majambazi wa Marekani, nchi ambayo alikuwa anaiandika kwa msaada wa ramani na kamusi ya lugha ya mtaani ya kule. Alijua kazi yake, ukurasa wa kwanza tu umenaswa. Baba zetu walivipitisha mkono kwa mkono mpaka jalada linang'oka.

Shida yangu ni hii: umemaliza thelathini za Chase na sidhani umewahi kumgusa mpelelezi Willy Gamba wa Elvis Musiba, ambaye amekuwako tangu Kufa na Kupona ya 1974, wala Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Na Bwana Msa je? Mohamed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la 1957-58 na Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapishwa 1960, halafu akaendelea na Bwana Msa wake kitabu baada ya kitabu mpaka miaka ya themanini. Mpelelezi ametulia, kiko cha tumbaku mdomoni, rafiki yake Najum pembeni haelewi kitu, na Kiswahili chenyewe unaweza kukilamba. Upelelezi wa Kiswahili tunao, tumeuacha ukizeeka kwa rafu.

Kuhusu wanawake kwenye hizi riwaya, za Chase na nyingi za kwetu pia, shemeji ana haki. Mara nyingi wamewekwa kama pambo ama mtego. Kama una kijana nyumbani anavisoma, ongea naye juu ya hilo.

Shaaban Robert ni mgumu mno. Nifanye nini? (Msomaji, Ngara)

Ulianzia kwa mashairi, si ndiyo? Anza na Adili na Nduguze, ni kijitabu chembamba. Kisha Kusadikika, Karama amesimama mbele ya baraza la mfalme anajitetea kwa hadithi baada ya hadithi, na ujue hiyo ilitoka 1951, mwandishi akiwa karani wa serikali ya mkoloni. Soma tena ukijua hilo utaona alikuwa jasiri kiasi gani. Halafu Maisha Yangu, uone baba aliyefiwa na mke akimwandikia bintiye Mwanjelwa utenzi wa kumuusia. Ukitoka hapo mashairi yatafunguka yenyewe.

Mbona kila mwandishi unayemtaja ni mwanaume? (Dada, Rongai)

Nimetaja Blyton na Kimenye leo, lakini najua unachosema na uko sawa. Grace Ogot alitoa The Promised Land 1966 na baadaye akaandika kwa Kijaluo pia. Zainab Burhani, Clara Momanyi, Pauline Kea, Assumpta Matei, hao wameandika Kiswahili na wengi mmewasoma kwa sababu ya mtihani, halafu mtihani ukiisha mnawaacha kwa stesheni. Warudieni.

Kwa nini waandishi wa siku hizi hawaandiki vingi kama wa zamani? (Msomaji, Kasarani)

Juu hamnunui. Sitazunguka. Mwandishi analipwa mrabaha, kiasi kidogo kwa kila nakala iliyouzwa, na kwa ile PDF unayorusha kwa WhatsApp analipwa sufuri, na kwa ile nakala bandia ya mtaani pia sufuri. Wachapishaji nao wanakimbilia vitabu vya shule, kwa sababu huko ndiko kuna mauzo ya uhakika, na riwaya ambayo haiko kwenye orodha ya shule inakaa ghalani. Said Ahmed Mohamed ametuandikia tangu Asali Chungu ya 1977, Utengano na Dunia Mti Mkavu 1980, mpaka Babu Alipofufuka 2001 na kuendelea, lakini mshahara wake ulikuwa wa kufundisha chuo kikuu, Osaka huko Japani na Bayreuth Ujerumani. Riwaya peke yake ingemlisha hapa? Mnajua jibu.

Nakala bandia si ngumu kuijua. Jalada lina ukungu kama picha ya picha, maandishi ndani yamefifia upande mmoja, kurasa zimekatwa kombo mpaka mistari inakaribia kuanguka, na ukiikunja mara mbili gundi inaachia. Rudisha hapo hapo.

Naweza pata wapi vitabu vya zamani bila kuumia mfukoni? (Msomaji, South B)

Kwa wauzaji wa "Inama" huko tao, wale wametandaza vitabu chini, zunguka barabara ya Tom Mboya na vichochoro vyake. Nenda asubuhi, usiwe na haraka, na chimbua mpaka chini kabisa kwa sababu juu wanaweka zile zinazouzwa haraka. Kitabu kikuukuu halali si dhambi, kilishalipiwa mara ya kwanza. Ukiona Mtobwa ama Musiba wa zamani, fungua kwanza uhesabu kama kurasa za mwisho zipo, hizo ndizo hutoka kwanza kwa riwaya za upelelezi.