Nyumba Rafiki kwa Mazingira: Fedha Ianzie kwenye Ramani

Kila anayeniomba ushauri kuhusu nyumba rafiki kwa mazingira huanza kwa kuniuliza bei ya paneli za sola. Mimi humrudisha nyuma kidogo na kumuuliza kama ramani yake imeshachorwa. Nimejenga nyumba ya kuishi Bunju, pembezoni mwa Dar es Salaam, na baadaye nikajenga nyumba ndogo za kupangisha katika eneo hilohilo. Fedha iliyonirudia mapema kuliko zote ni ile niliyomlipa msanifu kabla msingi haujachimbwa, ili aje asimame kiwanjani, aangalie jua linakochomoza na upepo unakotokea, ndipo achore.

Dar es Salaam iko karibu digrii saba kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua la mchana hupita juu sana mwaka mzima. Mwezi Disemba huelemea kusini kidogo na mwezi Juni huelemea kaskazini. Ukuta unaotazama kaskazini au kusini hukingwa vizuri na upenu wa paa wenye upana wa mita moja hivi. Ukuta wa magharibi haukingiki kwa njia hiyo, kwa sababu jua la alasiri huja likiwa chini, likapenya dirishani na kuupasha ukuta joto ambalo huachiwa chumbani usiku. Tena sisi wa mwambao tuna neema moja ambayo watu wengi hawaitumii: pepo zetu kuu mbili hutoka katika pande hizohizo zinazokingika. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki katika miezi ya joto, na kusi hutoka upande wa kusini kuanzia takriban Aprili. Nyumba ndefu iliyoelekeza pande zake pana kaskazini na kusini, yenye madirisha yanayotazamana ili upepo upite moja kwa moja, huwa imemaliza sehemu kubwa ya kazi ya ubaridi bila mwenye nyumba kununua kifaa chochote. Upande wa magharibi tuliweka choo, stoo na jiko, vyumba ambavyo hakuna anayelala. Wajenzi wa zamani wa Lamu na wa Mji Mkongwe wa Unguja waliyajua mambo haya, ndiyo maana nyumba zao zina kuta nene za mawe na chokaa na ua wa ndani unaoruhusu hewa kupanda.

Faida yake huonekana kwenye LUKU, yaani umeme wetu wa kulipia kabla. Kiyoyozi cha kawaida cha BTU 12,000 hutumia takriban uniti moja kwa kila saa kinapofanya kazi mfululizo, ilhali feni ya darini ya wati 70 ikizunguka kwa saa nane usiku kucha hutumia zaidi kidogo ya nusu uniti. Kwa mteja wa Tanzania tofauti hiyo ina uzito wa ziada, kwa sababu kaya ambayo matumizi yake hayazidi uniti 75 kwa mwezi hutozwa bei isiyofikia nusu ya ile ya mteja wa kawaida. Nyumba yenye ubaridi wake yenyewe inaweza kubaki katika kundi hilo la chini. Nyumba inayohitaji kiyoyozi kila usiku haiwezi. Bati la rangi nyepesi, dari yenye matundu ya kutolea hewa moto chini ya paa na taa za LED, ambazo kwa wati tisa hutoa mwanga uliokuwa ukihitaji balbu ya wati 60, ni gharama ndogo sana ukizifikiria wakati wa kuezeka.

Baada ya ramani, weka fedha kwenye maji. Hesabu yake ni rahisi: milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa hutoa lita moja. Dar es Salaam hupata takriban milimita 1,000 kwa mwaka, kwa hiyo paa la mita za mraba 120, hata ukiondoa sehemu ya tano inayopotea, lingeweza kukupa karibu lita 96,000. Huwezi kuzihifadhi zote, na huna haja. Familia ya watu watano wanaotumia lita 50 kila mmoja kwa siku huishi siku 40 kwa tangi la lita 10,000. Mwezi Oktoba mwaka 2022, maji ya Mto Ruvu yalipopungua na jiji likaingia kwenye mgawo, majirani walikuwa wakipanga foleni ya boza huku sisi tukitumia akiba yetu kwa uangalifu. Ila tangi lina masharti yake. Maji ya mwanzo ya kila mvua yaachwe yamwagike nje, maana hubeba vumbi na kinyesi cha ndege. Na kila tundu lifunikwe kwa wavu mwembamba, kwa kuwa mji huu umewahi kukumbwa na homa ya dengi mwaka 2014 na tena mwaka 2019, na mbu wake hupenda kutaga kwenye maji yaliyotulia karibu na watu.

Kuhusu kuta, nyumba za kupangisha nilizijenga kwa matofali ya kufungamana, yanayotengenezwa kwa udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine. Hayachomwi, kwa hiyo hayali kuni, na kwa kuwa hushikana yenyewe, mchanganyiko wa saruji wa kuunganishia hupungua sana. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukiyaendeleza kwa miaka mingi na inafaa kuwauliza kabla ya kuanza. Shida ni udongo. Kiwanja cha pwani mara nyingi kina mchanga mwingi mno, na usafiri wa udongo kutoka mbali unaweza kula akiba yote uliyoitegemea. Tia udongo kwenye chupa yenye maji, tikisa, uache utulie hadi kesho yake; mchanga utakaa chini na mfinyanzi juu, nawe utaona mwenyewe kama unafaa kupelekwa kwa wataalamu wakaupime.

Kwa upande wa mapato, niseme wazi kwamba sitozi kodi kubwa kuliko majirani zangu. Ninachopata ni wapangaji wanaokaa, na kwa mwenye nyumba mwezi ambao chumba kiko wazi ni hasara kamili. Mthamini aliyekuja kuitathmini nyumba yangu aliandika ukubwa, vifaa na eneo. Tangi na uelekeo wa madirisha hakuviandika popote. Kwa hiyo anayejenga ili auze haraka asitegemee mambo haya kumpandishia bei. Faida yake humfikia anayekaa.

Sola ya umeme huja mwisho, baada ya matumizi kushuka, maana mfumo utakaohitajika utakuwa mdogo na wa bei nafuu zaidi.

Ikiwa unanunua nyumba iliyokwisha kujengwa, kwanza pima umbali wake na mto au bonde, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu zinazoweza kuathiri mazingira ndani ya mita 60 kutoka mto, ziwa au bahari, na hakuna tangi wala feni itakayoiokoa nyumba iliyojengwa kwenye njia ya maji. Kisha rudi uitazame saa tisa alasiri, mwezi Februari ukiweza, umwombe muuzaji azime kiyoyozi na kufungua madirisha, ukae katika chumba cha kulala cha magharibi kwa nusu saa, na kabla hujaondoka umwombe akuonyeshe risiti zake za LUKU za miezi sita iliyopita.